Matanga ya Kisima cha Bi Tatu

Kila mwaka joto la kaskazi likifika pale ambapo hata mbwa haoni sababu ya kubweka, mie huanza kuwasumbua watu wa nyumbani kwangu. Nazunguka uani nikigeuza vifuu vya nazi. Nachungulia makopo, napiga mateke magaloni, nauliza nani ameacha ndoo wazi. Wajukuu hunicheka, husema babu amestaafu lakini kazi haijamstaafu. Wacha wacheke. Kifuu kikilala chali kikanyeshewa mvua moja tu, kinalea mbu wa kutosha nyumba nzima na jirani. Kikilala kifudifudi, hakina ubaya na mtu.

Basi nyie vijana mnaoanza kaya zenu, na hasa nyie mliotoka vyuoni juzi mkiwa na vyeti vinavyonukia wino, nisikilizeni kabla masika hayajaingia. Nilikuwa bwana afya tangu wakati wa Mwingereza, Temeke ikiwa bado ni minazi na mihogo kwa sehemu kubwa, na nyumba za udongo na makuti ndiyo kwanza zinasogeleana. Kazi yangu ilikuwa kuingia kwenye nyua za watu na kutazama vitu ambavyo mwenye nyumba asingependa vitazamwe: choo, jalala, mtungi na kisima. Hakuna mtu anayefurahi kumwona bwana afya. Hata mtu safi akikuona anajikagua kucha.

Nilipomaliza chuo nilikuwa najua kila kitu kuhusu mbu isipokuwa namna ya kumfikia. Nilikuwa nafika kwenye ugo wa makuti, nashika baiskeli, nasimama. Nikipiga hodi kwa sauti kubwa, nawaza, watadhani askari wa kodi. Nikipiga kwa sauti ndogo, watadhani kijana anayemfuata binti yao. Nikikohoa kwanza, watasema bwana afya mwenyewe mgonjwa. Wakati nayapima hayo yote, mama wa nyumba alikuwa ameshaniona kupitia tundu la makuti, ameshamwaga mtungi nyuma ya nyumba, ameshajaza maji mapya, na anajipepea kwa upande wa kanga kama mtu aliyekaa tu tangu asubuhi. Mwezi wangu wa kwanza sikupata kiluwiluwi hata kimoja. Nikaandika ripoti ya kusifu usafi wa wakazi wa eneo langu.

Mkubwa wangu wa kazi alikuwa Bwana Komba, Mngoni mfupi, mpole, mwenye tumbo lililozoea kila aina ya maji. Aliisoma ripoti yangu, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena. Akaniambia hakuna duniani nyumba isiyo na kiluwiluwi wakati wa mvua. Nyumba ya namna hiyo ni nyumba iliyokuona mapema. Kisha akanifundisha ufundi wake, nami nawapa bure. Ukiingia kwa mtu, usianze kuuliza mtungi uko wapi. Salimia, kaa, omba maji ya kunywa. Hakuna Mswahili atakayekunyima maji. Yakiletwa utakuwa umeuona mtungi, umeuona mfuniko wake au ukosefu wake, umeiona kata, na umeuona mkono ulioishika kata ukachota na vidole viwili ndani. Ukaguzi umekwisha na wewe bado ni mgeni.

Nilimuuliza kama maji hayo anayanywa kweli. Akasema huyanywa, kwa sababu kuyamwaga mbele ya mwenyeji ni tusi. Siwashauri hilo hata kidogo. Mie nilikuwa napeleka kikombe mdomoni, nalowesha midomo, kisha naanza mazungumzo marefu.

Jambo jingine alilonifundisha ni kuhusu kuchemsha. Wakati ule tulikuwa tunahubiri, “Chemsheni maji,” na kila nyumba inajibu kwamba inachemsha. Lakini maji yaliyopata moto siyo maji yaliyochemka. Maji ya kuoga yakitoa mvuke, mtu wa pwani anasema yamechemka, na kwa kuoga ana haki. Ya kunywa hayaendi hivyo. Komba alikuwa akisema maji huimba kwanza, kisha hucheza. Yanapoimba, sufuria inalia kwa ndani na vipovu vidogo vinashika pembeni. Hapo watu wengi huyaondoa, kwa kuwa kuni ni ghali na mtoto ana kiu. Yaacheni. Yaacheni mpaka yacheze, yaruke katikati, yasukume mfuniko. Halafu yapoe humohumo, yamefunikwa. Mkilalamika kwamba yananuka moshi, yamiminieni chombo hiki kwenda kile mara kadhaa, ladha itarudi.

Sasa nije kwa Bi Tatu.

Bi Tatu alikuwa Mzaramo wa palepale, mjane, mwenye sauti ya kuita mtu kutoka ng'ambo ya mashamba. Alikuwa na kisima. Visima vingi vya upande ule maji yake yalikuwa na chumvi, chai unatia sukari haikolei. Chake kilikuwa kitamu. Mtaa mzima ulichota kwake, bila malipo, na malipo yake yalikuwa kusikia watu wakisema hakuna maji kama ya Bi Tatu. Alikisafisha mwenyewe kila kiangazi na alikisemea kama mtu anavyomsemea mwanawe aliyefaulu shule.

Siku ya kwanza kuingia kwake nilimkuta kwenye mbuzi akikuna nazi, majirani wamemzunguka. Nikamwamkia. Akaitikia, akaniuliza kabila langu. Nikasema Mnyamwezi.

Akaisimamisha nazi. Uso wote ukafunguka.

“Kumbe mtani wangu. We mpagazi, mzigo wako umeutua wapi?”

Wanawake wakacheka. Kwa wale wasiojua, Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo mabegani na kulala kwa babu zao. Mtani anaweza kukutukana mbele za watu, kukunyang'anya kofia, kukataa usizike mpaka umpe chochote, na wewe ukikasirika ndiye mwenye makosa. Utani ni mlango. Bi Tatu alikuwa amenifungulia mlango wazi kabisa, na jibu lilikuwa rahisi. Ningesema mzigo nimeutua njiani nilipomkuta Mzaramo amelala barabarani kwa shibe ya wali wa nazi. Basi. Ningekalishwa, ningepewa dafu.

Lakini mie nilikuwa mtumishi wa serikali mwenye kofia ngumu nyeupe na soksi za kufika magotini. Nikawaza: je, hili ni dharau kwa serikali? Nikicheka, kesho nitawezaje kumwamuru? Nikinyamaza, si ataona ameshinda? Nikafungua mkoba, nikatoa ilani iliyochapwa kuhusu vyombo vya maji visivyofunikwa, nikaisoma yote kwa sauti hadi kwenye mhuri.

Uwanja ukapoa. Mtani ametaniwa, amejibu kwa karatasi. Bi Tatu akarudi kwenye nazi yake.

“Huyu siyo Mnyamwezi,” akawaambia wenzake. “Huyu wamemtengeneza huko chuoni.”

Tangu siku hiyo nikifika kwake nilipewa kiti, nikajibiwa kila swali kwa adabu kamili, na hakuna aliyenitania. Wazee wenzangu wanajua adabu ya namna hiyo ilivyo baridi.

Kabla sijaendelea, kuna neno la majira mengine, nisije nikasahau, maana umri wangu huu ukiahirisha jambo linakwenda moja kwa moja. Kipupwe kikiingia, msilale na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Mkaa hauna moshi lakini una hewa mbaya isiyonusika. Nilikuta familia moja kule Kinondoni wameamka vichwa vinapasuka, wanagombana nani amemroga nani, na mchawi mwenyewe yuko katikati ya chumba, ana miguu mitatu na majivu. Tulifungua dirisha na ugomvi ukaisha. Na kaskazi ikivuma na makuti yakikauka, msitie kibatari karibu na ukuta wa makuti hata kama mnatafuta sindano. Haya, turudi kisimani.

Masika ya mwaka ule yalikuja kwa fujo. Njia zikawa mito, kuta za udongo zikaanza kumomonyoka miguuni, vyura wakaimba mpaka mtu anashindwa kusikia adhana. Watoto wakaanza kuharisha. Hilo lenyewe halikuwa geni wakati wa mvua. Ila nilipozunguka nyumba kwa nyumba, niliona wanaougua zaidi ni wa nyumba zinazochota kwa Bi Tatu. Wale wanaokunywa maji ya chumvi walikuwa wanakimbiakimbia mvuani. Mtoto wa jirani yake mmoja alibebwa hospitali akiwa amelegea kama kitambaa. Alipona, lakini mama yake alirudi amekonda kuliko yeye.

Juu kidogo ya kisima, kwenye mwinuko, aliishi Mzee Lipande, mchonga vinyago kutoka kusini. Mtu mwema, msemaji mdogo, asubuhi hadi jioni yuko na tezo yake na kipande cha mpingo. Kiangazi kilichopita alichimba choo kipya, na kwa kuwa kiwanja chake kilikuwa chembamba, alikichimba pale penye nafasi, upande wa kisima. Ardhi ile ni mchanga. Mchanga haumwekei mtu siri. Nikaanza kuhisi.

Kuhisi hakutoshi kwa mtu wa chuo. Ofisini tulikuwa na unga fulani wa rangi ya kijani kikali, wa kupima mambo kama hayo: unautia chooni, unasubiri, ukiona rangi kisimani unajua njia ipo. Hauna sumu. Nikaenda kwa Mzee Lipande, nikamwomba ruhusa ya kutia dawa chooni kwake. Akafurahi, akidhani ni ya mende, akanisaidia hata kubeba ndoo ya kuisukumia.

Neno “dawa” ndilo lililoniponza. Mvua kubwa ikanyesha. Asubuhi yake nilipofika na baiskeli, nilikuta wanawake wamekizunguka kisima, ndoo ziko chini, na maji yaliyochotwa yana rangi ya jani changa la mgomba. Moyo ukanidunda kwa furaha ya kitaalamu, ambayo ni furaha mbaya sana kuonekana nayo usoni mahali kama pale. Bi Tatu akaniuliza nimetia nini kwenye kisima chake. Nami kwa haraka ya kutaka kumtuliza nikajibu:

“Ni dawa tu, Bi Tatu. Haina madhara.”

Nyie mnajua dawa ni nini. Dawa inaponya, dawa inaua, dawa inamfanya mume asione kingine zaidi ya wewe, dawa inafukiwa mlangoni mwa mtu usiyemtaka. Na nani kasema ametia dawa? Mnyamwezi, ambaye hata watani wake wakimtania humtania kwa dawa. Mnyamwezi aliyetaniwa akanuna. Na ametia wakati gani? Harusi ya Zuhura, mjukuu wa Bi Tatu, imebakiza siku chache, imepangwa iwahi kabla ya mfungo wa Ramadhani, ndugu wameshaalikwa kutoka Chanika na Kisarawe. Nilisikia mmoja akisema nyuma yangu kwamba nimekusudia ndoa isikae.

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa kusema: hii rangi niliitia chooni kwa Mzee Lipande, na mmekuwa mkinywa kutoka huko. Lakini Mzee Lipande mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni kwake na tezo mkononi, anatuangalia. Nikiyasema hayo mbele ya mtaa wote, nawaza, mzee huyu ataweka wapi uso? Ataitwaje kuanzia leo, yeye na watoto wake? Nisiposema, watakunywa. Nikisema kwa fumbo, hawataelewa. Na jinsi nilivyozidi kuwaza ndivyo nilivyozidi kufanana na mtu mwenye hatia.

Bi Tatu akachukua kata, akachota yale maji ya kijani, akanywa mpaka mwisho. Akajifuta mdomo kwa kanga.

“Dawa ya Mnyamwezi haiwezi tumbo la Mzaramo,” akasema. “Na harusi ya mjukuu wangu itafanywa kwa maji haya haya.”

Nadhani mnaona jambo lilivyokuwa. Pilau haina shida, inachemka. Lakini kuna sharubati, kuna maji ya kunywa ya wageni wote, kuna kachumbari inayooshwa, kuna watoto wanaochota wenyewe. Watu wa mitaa mingi wangekuja kula furaha na kurudi makwao na maradhi, na wa kwanza kuyapata angekuwa bibi harusi.

Nikamweleza Komba. Nikamwambia sheria inaniruhusu kukifunga kisima kwa kufuli na askari. Akakubali kwamba inaruhusu. Akasema nikifanya hivyo harusi itavunjika kwa aibu, na mwaka unaofuata watachimba kisima kingine nyuma ya chumba cha kulala ambako sitakiona kamwe.

“Umekwenda pale kila siku na kofia,” akaniambia. “Unyamwezi wako hujaupeleka hata mara moja. Mtani ana ruhusa ambayo Gavana hana.”

Nikamwambia sijui utani, nimekulia bwenini. Akaniuliza kama sijawahi kuona watani msibani. Nikasema nimeona, mjomba wangu alipofiwa, mtani wake alilala kwenye mwanandani wa kaburi akakataa kutoka mpaka apewe kuku. Komba akasema basi ninajua, na akanyoosha mkono nimkabidhi kofia.

Asubuhi iliyofuata nilishuka mtaa ule nimevaa msuli na shati lililochanika, kanga ya mke wa Komba nimeifunga kiunoni kama mfiwa, nalia. Nililia kwa sauti niliyoisikia utotoni na ambayo sikujua kama ninayo. Watu wakatoka milangoni. Nikaingia kwa Bi Tatu bila hodi, maana anayekuja msibani hapigi hodi, nikapita katikati ya wanawake waliokuwa wakichambua mchele wa harusi, nikaikamata ndoo ya kisima pamoja na kamba yake, nikakaa juu ya gogo la mdomo wa kisima, ndoo nimeipakata.

Bi Tatu akatoka, mikono ina unga hadi viwiko.

“We, nani amekufa?”

“Kisima chako. Nimekuja kukizika mwenyewe, maana nyie Wazaramo mnachojua msibani ni kula ubwabwa tu.”

Niliyasikia matone yakidondoka kutoka kwenye makuti. Nikaanza kuwaza kama nauli ya treni ya kurudi Tabora nitaipata. Kisha kitu kikatikisika mabegani mwa Bi Tatu, kikapanda, akacheka, akashika nguzo ya baraza, na wanawake wote wakaangua kicheko nyuma yake.

“Leo ndiyo kafika,” akasema. “Yule wa juzi sijui alikuwa nani. Haya mpagazi, marehemu kafa kwa nini?”

“Kwa ulafi. Jirani yake akila, yeye anaramba sahani. Ile kijani siyo ya uganga, ni rangi, nililisha shimo la huko juu. Marehemu kaifuata chini kwa chini mpaka kaimaliza.”

Mwanamke mmoja akauliza shimo lipi, lakini hakumaliza swali. Macho yake yalikuwa yameshapanda mwinuko. Mwingine akatema mate. Bi Tatu akaitazama kata iliyoning'inia ukutani.

“Na mie nilikunywa,” akasema polepole.

“Ulikunywa, mtani. Tena ukajifuta mdomo.”

Sijui kingetokea nini baada ya hapo. Kicheko kinaweza kugeuka ugomvi kwa neno moja, na watu walikuwa wamekwisha kugeukia mlango wa Mzee Lipande. Lakini mzee yule msemaji mdogo akashuka taratibu na tezo yake, akafika, akavua kofia.

“Jamani, basi mie ndiye niliyemlisha marehemu,” akasema. “Msinipige. Kaburi nitachimba mie.”

Aliyeanza kucheka safari hii alikuwa yule aliyetema mate. Ikawa imekwisha. Ukimcheka mtu akiwa ndani ya utani huwezi tena kumcheka akiwa nje yake. Choo kilihamishwa upande wa chini masika yalipoisha, na nusu ya mtaa ilikwenda kumsaidia kuchimba.

Ila ndoo nilikuwa bado nimeipakata. Bi Tatu akanyoosha mkono nimrudishie, nikamwambia aikomboe. Akauliza kwa nini. Nikasema: marehemu alale mpaka masika yaishe na choo kihame, na maji ya harusi yatoke bombani, yachemshwe mpaka yacheze. Hapo sauti zikashuka. Bomba lilikuwa mbali, kwenye barabara kubwa, na maji ya harusi siyo kikombe. Bi Tatu akanitazama kuanzia msulini hadi nyweleni, bila haraka, kama mtu anayenunua punda.

“Wanawake wangu wana mapishi,” akasema. “Na wewe nilikuuliza siku nyingi mzigo wako uko wapi. Sasa nimeuona. Leteni mzega.”

Mzega, kwa nyie ambao maji huwajia ndani ya ukuta, ni mti wa begani wenye debe kila upande. Niliubeba. Niliubeba kutoka bombani hadi kwa Bi Tatu, nikarudi, nikaubeba tena, na mtaa mzima ulikaa barazani kutazama bwana afya anavyofundishwa kazi ya babu zake. Walinihesabia mwendo. Walinisifu kama ng'ombe. Safari mojawapo gari la daktari mkuu, Mwingereza, likanipita. Nikataka kusimama kwa heshima, mzega ukazunguka, debe moja likamwagikia miguu yangu. Aliporudi ofisini alimuuliza Komba mtu yule alikuwa anafanya nini. Komba alimjibu kwamba ni maonyesho ya usafirishaji wa maji salama. Inasemekana daktari alifurahi sana.

Harusini, masufuria yalipangwa nyuma ya nyumba chini ya turubai, na Bi Tatu mwenyewe alisimama hapo na mwiko. Msichana yeyote aliyejaribu kuondoa maji mapema alirudishwa. “Hayo yanaimba tu,” alisema. “Rudisha, yacheze. Hii ni harusi.” Maneno ya Komba yalikuwa yameshakuwa yake, na mpaka leo huko ukisema yametoka kwa Mngoni watakubishia.

Baada ya sherehe nilizunguka nyumba kwa nyumba nikiuliza habari za matumbo. Nilipata wawili waliozidisha pilau, na bwana mmoja wa Chanika aliyelalamika kwamba sharubati ilinuka moshi. Nililala usingizi mzuri, ingawa kwa upande mmoja tu. Bega la pili lilikuwa halishikiki.

Miaka ikapita. Nilihamishwa huku na kule, uhuru ukaja, nikarudi Dar nikiwa na mvi. Masika fulani nikaletewa habari kwamba Bi Tatu amefariki. Nikaenda matangani kama inavyonipasa, na njia nzima nilikuwa napanga utani wa kusema, kwa kuwa mtani asiyetania msibani amemnyima marehemu haki yake. Nilikuwa na maneno mengi. Nilipofika kwenye ugo sikulikumbuka hata moja. Nikasimama pale kama zamani, nimeshindwa hata kupiga hodi.

Zuhura akaniona. Alikuwa mtu mzima, ana watoto. Alikuja na mti mrefu uliolainika katikati kwa kubebewa, na madebe mawili.

“Shikamoo, mtani,” akasema. “Bibi aliacha neno. Kasema Mnyamwezi akija, asipewe hata kikombe cha kahawa mpaka alete maji.”

Bomba siku hizo lilikuwa limesogea karibu, lakini mabega yangu nayo yalikuwa yamekwenda mbali. Nilivua koti, nikampa Zuhura alishike. Wanaume mkekani walianza kunicheka kabla sijafika mlangoni, na nilipojikwaa kwenye mfereji wakacheka zaidi, na mimi machozi yakawa yananitoka, na hakuna aliyeweza kujua ni ya nini.

Nikayaleta. Wakayabandika juu ya mafiga nyuma ya nyumba. Nikakaa kwenye kigoda karibu na moto. Sufuria ilipoanza kulia, msichana mmoja mdogo wa siku hizi akachukua kitambaa ili aipue, na bibi mmoja, wa wale waliokuwa wakichambua mchele wa harusi siku ile, ambaye sikumtambua mpaka aliposema, akamzuia mkono.

“Bado yanaimba hayo,” akamwambia. “Kaa.”

Tukakaa, mpaka yakacheza. Ndipo nikapewa kahawa.